Funda Nililolimeza Njia ya Taveta

Josephat alipanda mlima hadi Chawia siku ya Pasaka, mwaka wa hamsini na nne, akanikuta uani napukuchua mahindi ya mbegu. Alisimama akihema, kofia mkononi, akasema Fanuel ananiita.

Nilimwuliza Fanuel yupi.

"Dada, una Fanuel wangapi?"

Nilikuwa naye mmoja, na huyo alikuwa amenitoa nyumbani kwake Voi tangu binti yetu Tryphena anang'oka meno ya utoto. Tulioana kwa desturi yetu. Mbuzi walifika kwa baba yangu, wazee wakanywa, nikawa mke. Kisha Fanuel akapata ukarani stesheni ya Voi, akataka kuwa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa alitakiwa awe na mke wa pete. Mimi sikuwa na pete, wala kusoma sikujua. Akamwoa Margaret, mwalimu, kanisani, mbele ya watu. Mimi aliniambia nirudi kwa ndugu zangu, ila mtoto abaki asome. Hakunipiga, hakunitukana. Aliniambia kwa sauti ile ile ya kutangaza kwamba gari moshi limechelewa. Herufi nilikuja kuzijua baadaye, katika darasa la ubatizo, wakati haziwezi tena kunirudishia kitu.

"Ananiitia nini?" nikamwuliza Josephat.

"Tryphena anaolewa Taveta Jumamosi hii, na mwalimu mmoja wa Mboghoni. Kwaya inaondoka Voi kesho kwa baiskeli, na safari hii ziara yetu inaishia kwenye harusi. Anasema uteremke Mwatate Jumatano tukuchukue. Mimi nitakubeba kwenye keria."

Ile kwaya niliijua. Ilikuwa ya wanaume wa reli na wa mashamba ya mkonge waliokuwa na baiskeli, na kila mwaka baada ya Pasaka walikwenda kanisa kwa kanisa wakiimba hadi Taveta. Kutoka mlimani niliwaona wakipita chini, mstari mwembamba wa watu wenye mashati meupe. Miaka yote hiyo sikuwahi kuteremka kuwapungia mkono, na hakuna aliyewahi kuniita.

"Kwa nini mwaka huu?"

Josephat ni mtoto wa mjomba wangu, na akitaka kusema uongo hujikuna shingo. Alijikuna shingo.

"Si mtoto wako anaolewa?"

Lakini jibu lake halikukaa vizuri moyoni. Mtoto wangu alibatizwa upya, akavuka darasa baada ya darasa, akaugua surua akapona, na habari zote nilizipata sokoni. Sasa ghafla naitwa. Ndugu yangu aliniambia labda Fanuel amezeeka, ametubu. Nilikaa nikiligeuza neno hilo. Halikuingia, wala sikuweza kulitupa. Mwishoni nilichukua leso yangu nzuri nikateremka, kwa sababu nilitaka kitu kimoja tu: kumwona Tryphena akiingia kanisani, nami nimeketi mahali anapoketi mama.

Mwatate walinikuta mbele ya duka. Walikuwa kundi zima, baiskeli zimepangwa ukutani, mabegi yamefungwa kwa kamba za mkonge. Fanuel alikuja mbele. Alikuwa amenenepa kidogo shingoni.

"Mama Tryphena," akasema, "umekuja."

Sikuwa nimeitwa hivyo tangu Voi. Kisha akafanya jambo lililonichanganya kabisa: alifungua begi lake, akatoa koti la mvua la reli, zito, lenye vifungo vya shaba, akanivika mabegani kwa mikono yake. Yeye mwenyewe alikuwa na shati tu. Wenzake walitazama pembeni.

"Mawingu si mazuri," akasema. "Usipatwe na baridi."

Nilipanda keria ya Josephat nikiwa na koti la mwanamume aliyenifukuza, na tangu Mwatate hadi Bura sikuona miti wala nyumba. Niliwaza koti. Mtu aliyetubu husema. Mtu asiyetubu hatoi koti lake. Huyu alikuwa mtu wa namna gani?

"Josephat, anataka nini kwangu?"

"Dada, mimi ni punda. Punda haulizwi barua inasemaje. Na tafadhali usijipinde hivyo, utatuangusha."

Mvua ilitupata baada ya Bura. Mwanzoni waliishangilia, maana sisi ni watu wa kuomba mvua, na uwanda ule kwa kawaida ni vumbi na miiba tu. Wakaimba. Abdulghani, kijana wa Kiislamu ambaye baba yake aliuza baiskeli Voi, alikuwa akifuatana nao kila mwaka kama fundi wao. Hakuimba nyimbo za kanisa, ila kila walipofika kwenye kiitikio alipiga kengele ya baiskeli yake. Tulifika Maktau tumelowa, tukalala kwa watu wa kanisa, tukadhani asubuhi itakuwa imekatika.

Haikukatika. Kesho yake ilinyesha kama mtu aliyeudhika. Udongo mwekundu ulishika magurudumu, ukajaa kwenye madigadi mpaka baiskeli zikakataa kuzunguka. Walishuka wakawa wanachokoa tope kwa vijiti, wanakwenda hatua chache, wanachokoa tena. Abdulghani alitoa spana akafungua madigadi zote, zikafungwa migongoni mwa wenyewe, na tope likawa linarushwa hadi visogoni. Mwishowe walibeba baiskeli mabegani. Nilitembea nyuma yao na koti langu la vifungo vya shaba, mkavu peke yangu kati ya watu waliolowa, na kila mara Fanuel aligeuka kunitazama kama mtu aliyebeba mayai.

"U mzima, Mama Tryphena?"

"Mzima."

"Hukohoi?"

"Sikohoi."

Josephat aliangua kicheko, kisha akajikuna shingo.

Alasiri tulifika kwenye korongo, na korongo halikuwepo. Mahali pake palikuwa na mto wa rangi ya chai ya maziwa, unapita na magogo. Watu wa gengi la reli, wale wanaotengeneza njia, walikuwa wamejibanza katika kibanda chao cha mabati upande wetu. Walituambia tusifikirie hata daraja la reli, kwa maana tuta limeliwa na maji na reli zinaning'inia. Gari moshi lenyewe limesimama. Harusi ilikuwa keshokutwa, na Taveta ilikuwa ng'ambo ya yale maji.

Tukaingia kibandani sote, baiskeli nje. Mvua juu ya mabati ilikuwa kelele tupu. Wakaimba wapate joto, na mvua ikazidi.

"Jamani," Abdulghani akapaza sauti, "kila mkiimba inaongezeka. Hebu nyamazeni kidogo, tujaribu na njia hiyo."

Wengine walicheka. Mzee Mwandawiro hakucheka. Alikuwa mkubwa wao kwa umri, nyapara wa mkonge, mwenye sauti nzito ya chini. Alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa akinitazama miguu.

"Hii si mvua ya kawaida," akasema. "Njia hii naijua tangu vita. Uwanda huu haunyeshi hivi. Humu ndani kuna mtu ana neno moyoni."

"Mzee wangu," Abdulghani akajibu, "mvua ni ya Mwenyezi Mungu. Tumetoka nyumbani masika. Ulitaraji nini?"

"Ya kwetu huyajui wewe."

"Siyajui. Ila masika nayajua."

Hakuna aliyemfuata. Wote walikuwa wamegeuza nyuso kwangu, na mimi nikaangalia nyuma yangu, nikidhani kuna mtu mwingine.

Kwetu Dawida, huku mlimani, aliyedhulumiwa anaogopwa. Hahitaji kulaani. Hata akinyamaza, hata yeye mwenyewe asipojua kwamba ana hasira, neno lililomkaa moyoni linaweza kumwangukia mtu wa damu yake: mtoto akaugua, mimba ikaharibika, shamba likakauka. Dawa yake ni kutasa. Mwenye neno huchukua funda la pombe ya miwa, au maji tu, akalipuliza nje kama manyunyu, akasema hadharani kwamba moyo wake umetakata na wote wapate heri. Nilimwona bibi yangu akitasa mara nyingi. Kanisani walitukataza, na Fanuel ndiye aliyesimama mbele akitukataza.

"Unasema mimi?" nikamwuliza Mwandawiro.

"Mimi sijataja mtu. Nimesema kuna mtu."

"Lakini baba, hasira si hufukuza mvua? Hii imekuja. Ingekuwa yangu, si tungekuwa tunakanyaga vumbi?"

Mzee akafikiri. Niliona kwamba swali lilimsumbua.

"Labda yako imezidi kipimo, ikapinduka," Josephat akasema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Nikajitazama ndani, kwa kweli kabisa, kama mtu anavyopapasa chini ya kitanda. Je, nilikuwa na hasira? Miaka yote nilisema sina. Nililima, nilisali, niliwaambia wanawake wenzangu kwamba nimemwachia Mungu. Lakini kama hasira inaweza kukaa mtu asijue, basi kusema sina hakuna maana. Na kama ninayo, ningejuaje ni ipi? Nikapapasa na sikuona kitu. Hilo lilinitisha kuliko kama ningekiona.

Ndipo Fanuel alipoinuka. Alikwenda kwenye begi la vitabu vya nyimbo, akapenyeza mkono chini ya vitabu, akatoa kibuyu kidogo kilichozibwa kwa majani ya mgomba. Akakizibua. Harufu ya pombe ya miwa ikajaa kibandani, na watu wa gengi wakasogea.

"Mama Tryphena," akasema bila kuniangalia, "tafadhali. Tasa, tuvuke."

Nilipokea kibuyu. Kilikuwa kizito, kimejaa. Nikakitazama, nikamtazama yeye, mzee wa kanisa, na kitu kikanijia polepole.

"Fanuel. Hiki umekitoa Voi?"

"Ndiyo."

"Siku mnaondoka Voi kulikuwa na jua."

Akakitazama kizibo cha majani mkononi mwake.

"Hiki kibuyu kilijuaje kwamba itanyesha?"

Ni Josephat aliyeshindwa kuvumilia. "Mwambie, bwana," akasema. "Mwambie, au nitamwambia mimi. Nimechoka kujikuna."

Basi Fanuel akaniambia, kwa sauti ile ile ya stesheni. Margaret alikuwa amepoteza mimba zote. Hakuna hata moja iliyokaa. Alikwenda kwa mganga, kwa siri, akaambiwa kuna mwanamke mlimani mwenye neno, na neno lake likikosa pa kuangukia litamfuata Tryphena katika nyumba yake mpya. Ndipo wakapanga na Margaret. Nipelekwe Taveta. Asubuhi ya harusi, kabla watu hawajaamka vizuri, nitase nyuma ya nyumba.

"Kisha niingie kanisani," nikasema.

Alitazama kibuyu.

"Kisha niingie kanisani, Fanuel."

"Kisha Josephat angekurudisha. Pale mbele ataketi Margaret. Watu wa Mboghoni wanamjua yeye ndiye mama. Ingekuwa vigumu kueleza."

Nikaelewa koti. Lilifunika mdomo wangu tu, usije ukashikwa na kikohozi kabla haujafanya kazi. Kuhusu mimi mwenyewe hapakuwa na aliyewaza. Sikuwa nimeitwa kama mama.

Nilipaswa kukasirika hapo, na watu walirudi nyuma kidogo wakinipisha nikasirike. Lakini sikujua nilichohisi. Nilijiuliza: nikikataa, na kama ni kweli, atakayeumia ni mtoto wangu mwenyewe, tumbo lake mwenyewe. Nikikubali, nitakuwa nimesafisha njia ya Margaret aketi mahali pangu, tena kwa mdomo wangu. Na kama si kweli, na mvua ni mvua tu kama alivyosema Abdulghani, basi nasimama hapa na kibuyu kwa ajili gani?

"Tasa, mama," Mwandawiro akasema kwa upole. "Useme tu moyo wako umetakata."

Nikainua kibuyu nikajaza kinywa. Ilikuwa tamu na chachu, ya miwa ya kwetu. Mashavu yalivimba. Wote walinitazama. Kinachofuata ni kupuliza na kusema, na nilitafuta maneno. Ya Tryphena yalikuwepo, yamejaa. Ya Fanuel hayakuwepo. Nilisimama hivyo, kinywa kimejaa, siwezi kusema, siwezi kulia, macho yananitoka.

Mabati yakanyamaza.

Si kwamba mvua ilipungua. Ilikoma, kama mtu aliyefunga mlango. Tukasikia mto peke yake. Tukasikia matone yakidondoka kutoka kwenye baiskeli. Kila mtu akaangalia juu, hata Abdulghani, halafu wote wakanirudia mimi na mashavu yangu.

Nikameza.

"Ameimeza!" mmoja wa watu wa gengi akapiga kelele. "Jamani, mama ameimeza!"

Mwandawiro akasimama juu ya debe lake. "Umetasa au hujatasa?" akaniuliza. Nilimwona anataka sana nimwambie.

"Sijui, baba."

"Mvua imekatika kabla hujameza, au baada?"

"Kabla," Josephat akasema.

"Kabla hajapuliza vilevile," Abdulghani akasema. "Basi imekatika yenyewe. Twendeni tukaangalie maji."

Lakini Fanuel alikuwa amekuwa mweupe midomoni. Kwa watu wetu hakuna ajuaye maana ya kumeza. Neno limerudi ndani? Limekuwa kubwa zaidi? Nilimwona akihesabu mambo hayo moyoni, na kwa mara ya kwanza tangu tuoane nikaona kwamba yeye naye hajui kitu.

"Mama Tryphena, chukua jingine," akasema. "Bado kibuyu kina..."

"Nitatasia Taveta," nikasema. "Mlangoni mwa kanisa, mtoto amesimama mbele yangu, watu wakiona. Na kabla ya hapo nitaketi mbele. Ukitaka kunirudisha Mwatate, nirudishe hivi hivi, na hii ikiwa tumboni."

Hakunirudisha.

Maji yalishuka asubuhi. Watu wa gengi walitufungia kamba, tukavuka, maji yakinifika kiunoni, baiskeli zikipitishwa juu ya vichwa. Mbuyuni tulipata chai. Kilimanjaro hatukuiona hata kidogo, ilikuwa imefutika. Fanuel hakuniuliza tena kama nakohoa. Nilimrudishia koti lake, nikalowa kama wengine, nikajisikia mzima zaidi.

Tulifika Taveta Jumamosi, kengele inalia, tope hadi magotini. Fanuel alinitangulia katikati ya kanisa. Margaret alikuwa ameketi kwenye benchi la mbele, kofia ya maua, glavu. Alinitazama, akamtazama mume wake, na sijui alielewa nini. Akasogea. Kidogo tu. Niliketi na tope langu, bega kwa bega naye, na ibada yote nilisikia pumzi zake zikitetemeka. Niliwahi kufikiri kwamba siku nitakapomkaribia hivyo nitajua la kumfanyia. Nilimwonea huruma, kisha nikajikasirikia, kisha nikasahau, kwa sababu Tryphena alikuwa ameingia, na alikuwa na mwendo wa mama yangu.

Mlangoni niliomba maji. Mtu akaniletea kikombe. Mchungaji aliona, akageuka akaanza kuitazama kengele kana kwamba ina ufa. Tryphena alikuwa msichana aliyesoma, na nilidhani ataona haya. Alivua shela akainamisha kichwa bila kuambiwa. Nani alimfundisha? Sijui mpaka leo.

Nikajaza kinywa, nikapuliza juu ya nywele zake. "Mwanangu," nikasema, "kama kuna neno ndani yangu, ninalolijua na nisilolijua, lisikufuate. Lipite na haya maji. Uzae. Ucheke. Nyumba yako ipoe."

Fanuel akaja akasimama pale alipotoka Tryphena, kofia mkononi, kichwa amekiinamisha mbele za watu wote wa kwaya. Alisubiri.

Kikombe kilikuwa hakina kitu. Nilikigeuza chini, aone mwenyewe. Siku zote zile za njiani alilowa mpaka mifupani, na pale mlangoni akabaki mkavu.

Sasa Tryphena ana mtoto wa pili. Margaret hajapata. Watu huniuliza kama ni mimi, na wengine huuliza kwa hofu, na mimi huwajibu kweli: sijui. Usiku wa mvua kubwa hutega sikio kwenye paa kama anayeitwa jina.

Kila Pasaka kwaya inapopita Mwatate, Josephat hupanda mlima na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa majani ya mgomba. Hukiweka mbele yangu, akakaa kwenye kigoda, akajikuna shingo.

"Dada, Fanuel anauliza kama mwaka huu utatasa."

"Keti, upumzike," humwambia.

Kisha mimi huleta vikombe viwili, tukainywa pombe yake.